Bunduki Huchaguliwa kwa Koti

Siku Benat Harispe alipotangaza mezani kwamba kondoo wa ukoo watauzwa, dada yake Graciana alikuwa na pande la mkate mdomoni, na kwa sababu hiyo dunia ilipata nusu dakika ya amani ambayo haikuistahili.

"Wote," Benat alisema huku akijipakulia maharage. "Yule mnunuzi, Lundquist, amekubali kuwachukua kabla theluji haijaanguka. Tutabaki na ng'ombe. Ng'ombe haliwi na koyote."

Mkate ukamezwa.

"Umesema nini?"

"Dada, usianze."

"Mimi sijaanza. Siku nikianza utatafuta mlango."

Ieleweke kwamba Benat alikuwa mdogo wake kwa miaka minne, na kwamba Graciana alimfunga nepi kwa mikono yake hii hii. Lakini baba yao alipofariki, Benat ndiye aliyekalia kiti cha mwisho wa meza, na kiti kile kina ugonjwa: kila anayekikalia huanza kusikia sauti yake mwenyewe tu.

Sababu ya kuuza ilikuwa hii. Aprili iliyopita, kondoo walipokuwa wakizaa kwenye malisho ya chini ya milima ya Bighorn, koyote, wale mbwa-mwitu wadogo wa nyika, walikula wana-kondoo thelathini na saba. Mlinzi wa malisho yale alikuwa Graciana, mjane wa miaka sitini na mmoja, mfupi wa kufika kifuani mwa mwanamume wa kawaida, ambaye alikuwa amelinda uzazi wa kondoo wale kwa misimu thelathini bila mtu kumwambia hata ahsante.

"Yule koyote wa mwisho hakukimbia," Benat alisema. "Nilizikuta nyayo zake kwenye theluji. Alikuwa anatembea, dada! Taratibu, kama mtu anayetoka kanisani."

"Kwa sababu ulinipa bunduki ndefu kama mlingoti wa bendera!"

"Bunduki ile imeangusha kulungu kumi na mmoja."

"Kulungu wa Oktoba! Umekaa juu ya jiwe, umevaa shati, unakunywa kahawa, unamngoja aje akusalimie! Mimi nilikuwa ndani ya pikapu, Aprili, nimevaa sweta mbili na koti. Mpaka nimeutoa mtutu mlangoni koyote ameshamaliza kula na kujifuta mdomo."

"Ni umri, dada. Hakuna aibu kuzeeka."

Hapo ndipo kijiko cha Graciana kilipowekwa mezani. Kiliwekwa polepole. Coralie, mke wa Benat, mwanamke mwenye akili, akaisogeza chupa ya divai mbali.

"Nitakuonyesha umri," Graciana alisema. "Tundika vifuniko vitatu vya debe ng'ambo ya korongo. Koyote hukatiza korongo lile kwa hesabu ya kumi na tano. Mimi nitaanzia ndani ya pikapu, kama kazini. Nikivipiga vyote kabla ya kumi na tano, kondoo hawauzwi. Na wewe utafanya vilevile, kwa huo mlingoti wako."

"Nikivipiga mimi?"

"Ukivipiga wewe, uza kondoo, uza na mimi."

"Mpe nafasi, Benat," Coralie alisema. "La sivyo Krismasi utajipikia."

Basi ikakubaliwa: Jumamosi ya pili ya Agosti, saa sita mchana, kila mtu na bunduki aitakayo. Benat alicheka mpaka maharage yakampalia. Na ikumbukwe kwamba hakuna aliyempigapiga mgongoni.

*

Mji wa Redwash una duka moja la bunduki, na mwezi Agosti ndio msimu wake, kwa kuwa wanaume wa wilaya nzima huja kununua kabla uwindaji haujafunguliwa. Siku Graciana alipokwenda, lami ilikuwa imelainika kama ugali. Alisimamisha pikapu mbele ya mlango, akashuka, na hapo hapo kwenye jua akavaa sweta ya kwanza, akavaa sweta ya pili, akavaa koti zito la turubai lenye manyoya ndani, akalifunga mpaka kidevuni, akavaa na glavu za ngozi. Kisha akaingia dukani.

Wazee wanne waliokaa karibu na birika la kahawa waliviweka chini vikombe vyao wote kwa mara ya kwanza tangu wastaafu.

"Mama Harispe," mmoja akasema, "umesikia habari gani ambazo sisi hatujazisikia?"

"Nimesikia kwamba Aprili inakuja kila mwaka," Graciana alijibu. "Kunyweni kahawa."

Nyuma ya kaunta alisimama Brant, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula na tabasamu la kuuzia. Alimtazama Graciana kuanzia chini hadi juu, safari ambayo haikuwa ndefu, akainama kama anayezungumza na mtoto aliyepotea sokoni.

"Karibu, mpenzi. Tunatafuta kitu cha kujilindia nyumbani?"

"Mimi si mpenzi wako. Natafuta bunduki ya koyote. Fupi, nyepesi, inayojikoki yenyewe."

"Aa! Basi nina kitu kitakachokupendeza." Akainama chini ya kaunta, akainuka na bunduki ya rangi ya waridi.

Wazee wa kahawa wakakaa sawasawa, kama darasa mwalimu mkuu anapoingia.

"Kijana," Graciana alisema, "koyote akiiona hii atacheka mpaka afe, kwa hiyo pengine inafaa. Lakini mimi kazi yangu si kuchekesha. Irudishe ilikotoka na usiniambie ilitoka wapi."

Brant akaona haya, na mtu wa biashara akiona haya hukimbilia bei ya juu. Akashusha ukutani bunduki nyeusi tii, yenye reli za kufungia vifaa, reli juu, reli chini, reli ubavuni, mshikio kama wa bastola na magazini, kile kisanduku cha risasi, iliyoning'inia kama mguu wa tatu.

"Hii ndiyo wanayochukua watu wote siku hizi. Kitako chake kinarefushwa na kufupishwa. Unaweza kufunga tochi, darubini..."

"Na sufuria?"

Wazee wa kahawa wakaguna kwa furaha.

Hata hivyo Graciana alikuwa mtu wa haki. Aliipokea, akahakikisha haina risasi, akakifupisha kitako, akaipandisha begani. Ilikaa vizuri, na alisema hivyo kwa sauti, kwa kuwa ukweli ni ukweli hata ukiwa mweusi na una reli. Kisha akaomba waende nayo kwenye pikapu. Brant akaifungua chemba, tundu linamokaa risasi, akatia ule utepe mwekundu unaoonyesha kwamba bunduki ni tupu, akamfuata nje. Graciana akapanda, akaiweka pembeni mwake, akahesabu, "Moja, mbili," akaivuta ili ashuke nayo. Magazini ikanasa kwenye mkanda wa kiti. Akaivuta tena. Reli ya ubavuni ikang'ata uzi wa sweta uliotokeza mkononi, na sweta ikaanza kufumuka, mshono kwa mshono, huku yeye akiendelea kuhesabu kwa hasira. Alipofika kumi na tano mguu mmoja ulikuwa chini na mkono mmoja wa sweta ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

"Koyote ameshakwenda," alitangaza. "Ameshafika kwao, anawasimulia watoto."

"Mama, kwa heshima zote," Brant alisema, naye sasa alikuwa amesahau tabasamu, "tatizo si bunduki. Tatizo ni hilo koti. Hakuna mtu anayechagua bunduki amevaa koti!"

Hili ndilo neno ambalo Graciana alikuwa akilisubiri bila kujua. Alisimama katikati ya lami, jasho likimtiririka mpaka shingoni, akanyoosha kidole cha glavu.

"Rudia."

"Nasema watu hujaribu bunduki wakiwa wamevaa shati."

"Watu gani?"

"Watu wote. Ni Agosti."

"Na watazitumia lini?"

Brant akalitazama jua, akalitazama koti. Unaweza kumwona mtu akiingiwa na akili. Ni kama kumwona ng'ombe akipita kwenye mlango mwembamba.

"Vua hiyo fulana yako ya duka, uvae hili," Graciana alisema, akavua koti na kumtupia. Lilikuwa la marehemu mumewe, kwa hiyo lilimtosha Brant kabisa. "Sasa kalete ile bunduki ndefu uliyomuuzia mdogo wangu Benat mwaka juzi. Ipandishe begani. Upesi! Koyote huyo anakatiza!"

Brant aliipandisha. Kitako kikapanda vizuri hadi kwapani, kikakutana na manyoya ya koti, kikakataa kuendelea. Akasukuma. Akarudisha mikono mbele, akajaribu kwa pembeni, akanyoosha shingo kama kobe anayetafuta saa. Alipofanikiwa, jicho lake lilikuwa mbali na kilengeo kwa upana wa kiganja.

"Shenzi," alisema taratibu, na hakumaanisha mtu. "Nimewauzia watu bunduki kwa miaka tisa."

"Umeyauzia mashati," Graciana alisema.

Baada ya hapo Brant alikuwa binadamu mwingine. Alikimbia stoo, akarudi na bunduki ambayo hakuwa ameiweka ukutani kwa sababu, alivyosema, vijana hawaitazami. Ilikuwa na kitako cha mbao ya mjozi, chuma cha kawaida, mtutu mfupi wa inchi kumi na nane na nusu, na magazini ndogo ya risasi tano iliyolingana na tumbo la mbao bila kutokeza pua. Uzito wake ratili sita na nusu. Ukiitazama haraka ungedhani ni ya babu yako. Ila ukifyatua, inajikoki yenyewe, huna haja ya kuvuta komeo la kuingizia risasi kwa vidole vilivyoganda ndani ya glavu.

"Wanaiita bunduki ya ranchi," Brant alisema, karibu kwa kuomba radhi.

Graciana alivaa koti tena, akapanda pikapu, akahesabu. Katika tatu alikuwa chini. Hakuna kilichonasa, maana hapakuwa na cha kunasa. Lakini alipoipandisha begani, kitako kilimkwaruza kwapa. Kilikuwa kirefu bado, kwa kidogo tu.

Wazee wa kahawa, waliokuwa wametoka nje wote na vikombe vyao, wakahema.

"Ni mbao," Graciana alisema.

"Ndiyo, mjozi safi kabisa," Brant alisema.

"Mbao hukatwa."

"Mama! Bunduki mpya?"

"Uliniona nikikwambia nataka kuitundika ukutani? Lete penseli."

Graciana akamkunjia mkono wake, kiwiko kwenye kitako, kidole kwenye kifyatulio, koti na sweta zote mwilini. Brant, kwa uso wa fundi anayepima jeneza la rafiki, akachora mstari: inchi moja na robo kutoka mwisho.

*

Jumamosi saa sita mchana jua lilisimama juu ya korongo kana kwamba nalo limelipa kiingilio. Coralie alikaa nyuma ya pikapu na mfuko wa mbegu za alizeti. Yeye ndiye mwenye kuhesabu. Vifuniko vitatu vya debe vilining'inia kwenye nguzo za ua, ng'ambo, mbele ya ukingo wa udongo.

Benat alikuja na mlingoti wake, shati jeupe, mikono imekunjwa. Alipoiona bunduki ya dada yake aliipindua, akakiona kitako kilichokatwa na kupigwa msasa, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Umeikata! Bunduki mpya! Dada, hata mwizi haharibu kitu hivi!"

"Viatu vyako ulivinunua kwa mguu wa nani?"

"Ni dhambi."

"Kaungame. Kwanza vaa koti."

"Koti gani?"

"La kazini. Tunalinda Aprili hapa. Nilisema kama kazini, ukakubali. Coralie, hakukubali?"

"Alikubali huku anapaliwa," Coralie alisema, akatema ganda, akamtupia mumewe koti lake la ngozi ya kondoo, sweta mbili na glavu. Alikuwa amezileta bila kuambiwa.

Benat alilalamika kwa muda ambao koyote angeweza kukatiza wilaya. Jua kali vile, alisema, mtu anaweza kufa. Graciana, ambaye tayari alikuwa amevaa na uso wake ulikuwa mwekundu kama pilipili za mezani kwao, akamwambia kwamba wana-kondoo thelathini na saba nao walifikiri hivyo. Hatimaye Benat alivaa. Akaingia ndani ya pikapu, bunduki kwenye kishikio nyuma ya kiti.

"Koyote!" Coralie alipiga kelele. "Moja! Mbili!"

Katika nne mtutu uligonga fremu ya mlango. Katika sita uligonga kioo cha pembeni, na kioo kile, ambacho hakikuwa na kosa lolote, kikaning'inia. Katika tisa Benat alikuwa chini, akipigana na kwapa lake mwenyewe. Katika kumi na mbili alifyatua. Udongo uliruka mahali ambapo hapakuwa na kifuniko wala matumaini. Akavuta komeo kwa glavu, glavu ikateleza, akavuta tena.

"Kumi na tano. Amekwenda, mpenzi wangu."

"Hesabu yako ni ya haraka!"

"Nihesabu kwa Kilatini?"

Zamu ya Graciana ilipofika, Benat alikuja kusimama karibu na mlango, upande wa kulia, ili aone wizi kama upo.

"Usisimame hapo," Graciana alisema kutoka ndani. "Bunduki hii hutema maganda upande huo, mbali, na ya moto."

"Nasimama ninapotaka. Ni ardhi yangu."

"Ni yetu. Sogea."

"Sisogei."

"Coralie, umesikia nimemwambia mara mbili?"

"Nimesikia. Koyote! Moja!"

Katika tatu alikuwa chini. Katika nne kitako kilikaa begani, juu ya sweta mbili na koti, kama kilizaliwa hapo. Katika tano kifuniko cha kwanza kililia *ting!*, na ganda la risasi likaruka, likang'aa juani, likatua ndani ya ukosi wa koti la Benat kwa ustadi ambao hakuna mtu angeweza kuupanga. Katika sita Benat alianza kucheza. Wakati wa harusi yake alikataa kabisa kucheza, akisema ana magoti mabaya. Magoti yale yalionekana yamepona. Katika saba kifuniko cha pili. Graciana hakugeuka. Pumzi ndani, pumzi nje. Katika kumi cha tatu kikakatika kamba na kuanguka.

Akaitoa magazini, akaifungua chemba, akaiegesha bunduki kwenye kiti. Ndipo akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa amelala chali kwenye majani makavu akijipapasa tumbo.

"Mpigie Lundquist."

"Nitampigia kesho."

"Sasa. Na uweke sauti juu."

Benat alipiga, kwa vidole vilivyolowa jasho. Simu ikapokelewa.

"Benat! Lori lije lini?"

"Lundquist, sikia... kumetokea mabadiliko. Hatuuzi. Unajua, hawa koyote... wamehama. Hawapo siku hizi."

Graciana alikuwa amefika kwenye furaha, alikuwa ameshaanza hata kuishika. Neno hilo likampokonya.

"Wamehama?" alifoka. "Wamehamia wapi, wamepanga nyumba mjini? Jana usiku walilia juu ya kilima mpaka mbwa akaingia uvunguni! Tangu Aprili ni umri wa Graciana, ni uzee wa Graciana, leo imekuwa koyote wamehama? Sema ilivyokuwa!"

"Nani huyo anayepiga kelele?" Lundquist aliuliza.

Benat alimtazama mkewe. Mkewe alichagua mbegu moja ya alizeti, akaichunguza.

"Ni dada yangu," Benat alisema. "Ndiye mlinzi wa malisho."

"Yule aliyeshindwa?"

Benat akakaa kitako, akafuta uso kwa glavu.

"Hakushindwa. Nilimpa bunduki isiyomfaa, na akaniambia, na sikumsikiliza. Kosa lilikuwa langu."

"Nini? Hapo mwisho sauti ilikatika."

"Nimesema..."

"Huku kwetu mtandao mbaya. Sema tena, Benat, kwa nguvu."

"Kosa lilikuwa langu!" Benat alinguruma, na chini ya korongo kondoo mia mbili wakaacha kula, wakainua vichwa wote kwa pamoja, wakamtazama.